Sura ya Sita: Fundi Anayejua Namba Yako

Kiamaiko, mtaa wa machinjio wa Nairobi, hailali mapema, na ikilala huamka kabla ya majogoo. Mbuzi na kondoo wanaoletwa kwa malori kutoka Marsabit, Isiolo na kaunti nyingine za kaskazini huchinjwa hapa, na kabla jua halijachomoza nyama imeshapakiwa kwenye boda boda na magari madogo kuelekea mabucha na hoteli za Nairobi. Biashara ya namna hii hupenda pesa taslimu. M-Pesa imepunguza mabunda tangu 2007, lakini muuzaji wa vichwa na kwato, mwenye kibanda cha supu na kijana wa mizani wangali wanafunga siku na noti mfukoni. Penye noti pana mwizi, na penye mwizi hakosi mtu wa kuuza dawa ya mwizi.

Dawa hiyo ina ngazi zake. Ya chini kabisa ni kufuli lenye king'ora, lile ambalo ukiligusa vibaya hulia hadi majirani watoke. Linauzwa dukani pamoja na misumari na rangi, na mnunuzi hulifunga mwenyewe. Juu yake ipo taa inayojiwasha mtu akipita, kisha kamera yenye umbo la balbu inayochomekwa mahali pa taa na kuunganishwa na Wi-Fi ya mtaa. Ngazi ya tatu ndiyo inayodai fundi: kamera nne na mashine ya kurekodi, au alamu kamili ya nyumba. Vifaa hununuliwa Luthuli Avenue katikati ya jiji, ambako maduka ya elektroniki yamebanana pande zote mbili za barabara. Fundi naye hupatikana papo hapo. Akiwa hayupo, muuzaji ana namba yake ya simu.

Soja wa getini ameandikiwa mengi katika nchi hii, na anastahili. Sura hii ni ya mtu mwingine, yule anayekuja na begi na drili, akakaa nyumbani kwako kutwa nzima, akaondoka akijua mlango upi hauna sumaku na chumba kipi hakina jicho.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukutani, mara nyingi ndani ya kabati au juu ya mlango wa stoo, hufungwa sanduku. Ndani yake mna saketi moja, transfoma ya kushusha stima ya volti 240, na betri nzito ya volti 12 inayoshika kazi umeme ukipotea. Kutoka hapo nyaya nyembamba hutambaa hadi kwenye milango na madirisha. Kila mlango una vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine, chenye sumaku, kwenye mlango wenyewe. Vikiachana, sanduku hupata habari. Kwenye kona ya chumba kuna kihisi kinachosoma joto la mwili linaposogea. King'ora hukaa nje, juu, pasipofikika bila ngazi. Mwisho ni kibao cha namba, ambapo mwenye nyumba hubonyeza tarakimu nne kuwasha na kuzima.

Tarakimu hizo nne anazijua. Kuna nyingine asizozijua. Sanduku la alamu kwa kawaida hutoka kiwandani na namba mbili, moja ya mtumiaji na moja ya fundi. Namba ya fundi hufungua kila kitu: huweza kuzima kihisi cha chumba kimoja na kuacha vingine vikifanya kazi, kubadilisha simu inayopigiwa hatari ikitokea, hata kufuta namba ya mwenye nyumba. Ile ya kiwandani imechapishwa kwenye kijitabu cha maelezo, na kijitabu chenyewe kimejaa mtandaoni. Fundi mwangalifu huibadilisha siku ya kwanza. Mvivu huiacha ilivyo. Kuna na wa aina ya tatu, ambaye huweka namba yake moja katika kila nyumba aliyowahi kufanya kazi ili asipate taabu ya kukumbuka, na huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, maana siku namba hiyo ikivuja itakuwa imefungua nyumba zote kwa mpigo.

Siku ya kukabidhi kazi mazungumzo huwa mafupi.

"Mama, namba yako ni moja mbili tatu nne. Ukitaka utaibadilisha."

"Sawa, fundi. Na ikianza kusumbua?"

"Nipigie tu. Nitaingia kwa simu niiangalie, hutahitaji kunilipia nauli."

Mama hushukuru kwa kupunguziwa gharama. Kwamba kijana huyu ataweza kulitazama duka lake akiwa Kayole au Githurai, usiku au mchana, leo au miaka miwili ijayo, ni jambo linalopita bila kuulizwa. Na pengine kijana ni mwadilifu kuliko sote. Shida ni kwamba mama hana njia yoyote ya kujua, wala serikali.

Sheria ipo, tena imeitaja kazi hii kwa jina lake. Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, nambari 13 ya 2016, haikuishia kwenye rungu na filimbi. Katika orodha ya watoa huduma inaowahusu wamo wapelelezi wa kibinafsi, vyuo vya mafunzo, wafuatiliaji wa magari na wenye mitambo ya CCTV, na wamo pia wafungaji wa alamu za wezi na vifaa vingine vya kinga. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi, PSRA, na inakataza mtu kutoa huduma hizo bila kusajiliwa. Anayejisajili kama mtu binafsi anatakiwa awe mtu mzima, awe na mafunzo, na asiwe na doa la jinai. Kampuni yenye wenyewe wa kigeni sharti angalau asilimia 25 ya hisa zishikwe na Wakenya. Kanuni za utekelezaji zilifuata 2019.

Kabla ya sheria hiyo ya 2016 hapakuwa na sheria mahsusi. Ulisajili kampuni kama unavyosajili kampuni ya kuuza viatu, ukashona sare, ukaanza.

Bunge lilipitisha sheria hiyo nchi ikiwa bado inauguza vidonda. Jumba la Westgate lilishambuliwa tarehe 21 Septemba 2013 na watu 67 wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148. Maswali ya wakati ule yalikuwa ya getini: nani anapekua mifuko, amefunzwa nini, analipwa ngapi, na je, tunaweza kumwamini? Jicho la dola likamwangukia soja, na tangu siku hiyo halijambanduka. Angalia mambo yaliyoifikisha PSRA kwenye vichwa vya habari. Marufuku kwa masoja kushikilia vitambulisho vya wageni. Namba maalum ya utambulisho kwa kila soja. Kisha, Januari 2024, agizo kwamba soja alipwe angalau shilingi 30,000 kwa mwezi, ambalo kampuni zililipinga na mahakama ikalisimamisha. Yote hayo ni mambo ya maana, hasa hilo la mshahara, na mwenye kulicheka hajawahi kusimama usiku kucha kwenye baridi ya Julai. Lakini fundi wa alamu hayumo katika habari hizo.

Sababu si ngumu kuiona. Soja ana sare, na sare inaonekana barabarani. Kampuni yake ina ofisi, magari yenye nembo, na akaunti ya benki inayoweza kufungiwa. Mkaguzi akitaka kumpata anajua pa kuanzia. Fundi wa Kiamaiko ofisi yake ni simu. Tangazo lake ni karatasi iliyobandikwa kwenye mlingoti wa stima: CCTV, alamu, fensi ya umeme, DSTV, bei nafuu. Leo yuko Huruma, kesho Dandora, kesho kutwa amepata kazi ya ujenzi Kitengela na simu yake haipatikani.

Tuseme kijana huyu anataka kuwa halali. Atalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen kwa ajili ya cheti cha maadili mema kinachotolewa na DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kisha apange foleni ya alama za vidole Huduma Centre. Atahitaji PIN ya KRA, jina la biashara lililosajiliwa, na kibali cha biashara cha kaunti. Ndipo aende PSRA. Hajamaliza. Sanduku lake linaunganishwa na stima ya volti 240, na kazi ya nyaya za umeme majumbani ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi na petroli. Vihisi visivyo na waya vinatuma ishara hewani, na vifaa vya redio vinavyouzwa nchini vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kamera zinanasa sura za watu, na sura za watu zina kamishna wake, kama tutakavyoona. Kila ofisi ina hoja nzuri ikisimama peke yake. Zirundike zote juu ya mtu anayelipwa kwa kibarua cha siku moja, naye atachagua kama wengi wanavyochagua: kufanya kazi kimya kimya.

Watu wa pande hizi hawahitaji kufunzwa gharama ya kazi isiyo na kibali. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, jirani kabisa na Kiamaiko, na kuua karibu watu 50. Halikuwa na idhini ya kukaliwa, na lilikuwa limejaa wapangaji. Sheria za ujenzi zilikuwepo, ofisi zilikuwepo, wakaguzi walikuwepo. Alamu haitaua watu hamsini kwa usiku mmoja, lakini ugonjwa ni uleule wa sheria inayoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ofisi na kutekelezwa mahali ambapo hakuna mwenye ofisi.

Nitoke Nairobi kidogo. Kamera ya mlangoni, kama tunavyoijua leo, inatokana na wazo la mtu ambaye Kiamaiko ingemwelewa bila mkalimani. Marie Van Brittan Brown alikuwa muuguzi mweusi wa mtaa wa Queens, New York. Saa zake za kazi zilimwacha nyumbani peke yake nyakati zisizotabirika, na polisi wa mtaa wake walikuwa wazito kuitikia wito. Mwaka 1966 yeye na mumewe Albert, fundi wa elektroniki, waliomba hataza ya mtambo wao, wakaipata Desemba 1969. Ulikuwa na kamera iliyopanda na kushuka nyuma ya matundu manne ya mlangoni, skrini chumbani, kipaza sauti cha kumhoji mgeni, swichi ya kufungua mlango kwa mbali na kitufe cha kuita msaada. Familia hiyo ilikuwa na bahati ambayo wengi wetu hatuna: fundi wao alikuwa mume wa nyumba, na siri za mtambo hazikutoka nje ya mlango.

Sasa tazama kinachotokea zinapotoka. Huko Dallas, Texas, fundi mmoja wa kampuni kubwa ya alamu, ADT, alikuwa akifunga kamera majumbani na kuongeza barua pepe yake mwenyewe kwenye akaunti za wateja kimyakimya. Wengine aliwaambia ni kwa muda tu, ajaribu mitambo. Kwa zaidi ya miaka minne aliingia kwenye akaunti za takriban wateja 200, zaidi ya mara 9,600, kuwatazama wanawake na familia ndani ya nyumba zao. Alikiri kosa Januari 2021 na mwaka huohuo akahukumiwa miezi 52 gerezani.

Msomaji mwenye shaka atauliza: leseni ilisaidia nini? Texas ni jimbo ambalo wafungaji wa alamu husajiliwa na idara ya usalama wa umma, na bado hayo yalitokea. Ni swali la haki. Cheti hakimgeuzi mtu kuwa mwadilifu, kama vile leseni ya udereva haimzuii mtu kulewa. Lakini mambo yalipofichuka, kampuni ilikuwa na kumbukumbu za nani aliingia wapi na lini, jina la mtu lilijulikana, wateja walijulishwa, na mwendesha mashtaka alikuwa na pa kushika. Ukiyahamishia mambo hayohayo huku kwetu Eastlands, utabaki na namba ya simu isiyopatikana.

Kuna kisa kingine ambacho hakikuhitaji hata fundi mwovu, mzembe alitosha. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikitafuta kamera na mashine za kurekodi ambazo zilikuwa bado na nenosiri la kiwandani. Haikuvunja mlango, ilijaribu orodha ya jozi kama 60 za majina na maneno ya siri ambayo kila mtu angeweza kuyasoma kwenye vijitabu. Iliteka vifaa vingi mno, na tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo la kamera likaelekezwa kwa Dyn, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiwaelekeza watumiaji kwenye tovuti. Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa. Kubadilisha nenosiri ni kazi ya dakika mbili. Ni kazi ya anayefunga mtambo, na hakuna anayemdai.

Madhara ya uzembe wa fundi hayafanani kila mahali, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Huko Marekani, makadirio ya miaka mingi yamekuwa kwamba zaidi ya alamu 9 kati ya kila 10 zinazowaita polisi ni za uongo: mlango haukufungwa vizuri, mwenye nyumba kasahau namba, paka kapita mbele ya kihisi. Jiji la Salt Lake City lilichoka, na mwaka 2000 likaamua kwamba polisi hawatakwenda mpaka mtu mwingine athibitishe kwamba kweli kuna uvamizi. Kule hasara ya king'ora cha uongo ni mafuta ya gari la polisi na hasira za sajenti.

Hapa Nairobi, kwenye mitaa ya kitajiri kama Lavington au Karen, alamu ikilia, ishara hufika kwenye chumba cha kampuni na gari likatumwa na vijana wenye rungu na kofia ngumu. Kiamaiko vichochoro vingi havipitishi gari, na hakuna anayelipia huduma hiyo. King'ora cha hapa hakimwiti askari. Kinamwita jirani. Mpango wa Nyumba Kumi ulioanzishwa na serikali 2013 ulitaka majirani wajuane na walindane, na kwa kiasi fulani wanalindana. Lakini king'ora kikilia saa nane usiku, watu wanatoka wakiwa na usingizi, hofu na mawe. Atakayekutwa karibu na mlango ule atakuwa na sekunde chache za kujieleza. Sasa kumbuka ni mtaa upi huu. Saa hizo ndizo vijana wa machinjioni wanaingia na kutoka kazini, kisu kwenye mfuko, damu ya mbuzi kwenye shati. Ajieleze vipi?

Kihisi kinachoelekezwa kwenye ukuta wa mabati hudanganywa na joto la mabati yenyewe. Kikiwekwa karibu na dari wazi, paka atakiamsha. Fundi aliyefunzwa anajua hayo. Aliyejifunza kwa kutazama video za simu huenda anajua, huenda hajui. Mtaani kwetu king'ora cha uongo kinaweza kuchomesha mtu, na kwa sababu hiyo peke yake ningemtaka mfungaji wa alamu awe na cheti hata kama hakungekuwa na mwizi hata mmoja Nairobi.

Betri nayo. Ile ya volti 12 huchoka baada ya miaka michache, na ikichoka haitoi taarifa ambayo mama wa duka ataielewa. Labda taa ndogo ya manjano kwenye kibao, ambayo baada ya wiki moja huzoeleka. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, sehemu nyingine kwa saa nyingi. Usiku wa namna hiyo ndipo mtu anapojua kama alinunua alamu au pambo.

Tuje kwenye kamera za ploti, maana sasa landilodi wengi wameziweka. Ploti ya kawaida ya Kiamaiko na Huruma ina korido moja kila ghorofa, vyumba pande mbili, na choo na bafu vya pamoja mwishoni. Fundi huambiwa "funika korido yote", naye hufunika. Kuanzia siku hiyo kila anayekwenda kuoga na taulo begani anarekodiwa, na kila mgeni wa kila chumba. Picha zinakaa kwenye simu ya landilodi, ya msimamizi wa ploti, na pengine ya fundi. Wapangaji hawakuulizwa.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 iliipa haki hiyo meno, na ofisi ya Kamishna wa Data, inayoongozwa na Immaculate Kassait tangu 2020, imeonyesha kwamba hung'ata: Septemba 2023 iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kusambaza picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja milioni 4.55 kwa picha za wanafunzi. Landilodi atasema yeye ni mdogo mno kuhusika. Kweli, kanuni za usajili za 2021 zinawaachilia wenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Ila kanuni hizohizo zina orodha ya shughuli ambazo udogo hauziokoi, na humo mmeandikwa uzuiaji wa uhalifu, ikiwemo kuendesha kamera za CCTV za ulinzi. Usimamizi wa majengo nao umo. Msamaha wa sheria ni kwa matumizi ya nyumbani ya mtu binafsi, na korido ya vyumba ishirini vya kupangisha si sebule ya mtu. Fundi aliyesajiliwa na kufunzwa ndiye angekuwa wa kwanza kumwambia landilodi: mzee, kamera hii tuigeuze itazame lango, tuache mlango wa bafu.

Ni njia gani basi inatufaa? Uingereza ilipotunga sheria yake ya ulinzi wa kibinafsi mwaka 2001 iliwapa leseni walinzi na mabaunsa, lakini wafungaji wa alamu wakaachwa nje. Kinachowabana kule ni bima na polisi: kampuni za bima hutaka alamu iliyofungwa na mwenye cheti cha NSI au SSAIB, mashirika yanayokagua wafungaji, na polisi hawaitikii alamu ya fundi asiyetambuliwa. Njia hiyo ni safi, ila inategemea kwamba mwenye duka ana bima na polisi huja. Kibanda cha supu cha Kiamaiko hakina la kwanza, na la pili sitalijadili hapa.

Mfano wetu tunao nyumbani. EPRA haiwapi leseni wenye kampuni peke yao; humpa fundi wa stima mwenyewe, kwa daraja, kulingana na ukubwa wa kazi anayoiweza. Kanuni za sola za 2012 zilifanya vivyo hivyo kwa kuwagawa mafundi katika madaraja ya T1, T2 na T3, kutoka kwa yule wa paneli moja ndogo ya nyumbani hadi yule wa mitambo mikubwa. Kijana huanza chini na kupanda. PSRA inaweza kufanya hayo kesho: daraja la fundi mmoja mmoja, la duka na nyumba ndogo, lenye ada moja na dirisha moja. Ujuzi upimwe na NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo tayari inawapima mafundi wa nyaya kwa mitihani ya gredi, hata wale waliojifunzia kazini bila kuingia chuoni. Cheti cha DCI kiwe ndani ya ada hiyo. Fundi apewe kadi yenye picha na namba, na mteja aweze kuihakiki kwa ujumbe wa simu, kama tunavyotuma namba ya alama ya KEBS, shirika la viwango, kwenda 20023 kujua kama bidhaa ni halali. Nchi iliyoweza hilo kwa mkebe wa rangi haiwezi kushindwa kwa mtu anayeshika funguo za nyumba.

Kosa kubwa lingekuwa kuanza na misako. Askari wa kaunti wakipewa sababu nyingine ya kukamata vijana wenye mabegi Luthuli, hongo itapanda na usajili utabaki palepale. Ada iwe ndogo kuliko hongo. Hapo kijana atajisajili mwenyewe.

Kwa sasa, mwenye duka, una silaha moja tu, nayo ni salio la fundi. Usilimalize kabla hajabadilisha namba ya fundi mbele ya macho yako na kukuandikia mpya kwenye karatasi. Akaunti ya kamera ifunguliwe kwa barua pepe na simu yako, si yake, na umtazame akitoka kwenye simu yake mwenyewe. Mwambie azime stima mtazame pamoja kama betri inashika. Kisha umwombe kitambulisho, uandike jina na namba yake kwenye risiti, na atie sahihi. Fundi mzuri hatakasirika. Akikataa, usimpe salio, na utafute fundi mwingine wa kubadilisha namba zote siku hiyohiyo.